Vigingi vya Barabara ya Lukwele

Jamila ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii ya kuandika. Siku ya kuniaga, keki imeshaliwa na hotuba zimekwisha, nikiwa nimekumbatia kitenge na saa ya ukutani niliyozawadiwa (sijui mtu aliyestaafu anapewa saa awahi wapi), alinifuata mlangoni mwa ukumbi. Jamila ni afisa mipango mpya wa idara yetu, binti mchapakazi, bado hajajifunza kusinzia kwenye vikao. Akaniambia, "Madam, tuandikie japo kurasa chache sisi tunaobaki. Kumbukumbu zako za kazini. Kitu cha kututia moyo." Nikamwambia nitaandika. Cha kutia moyo sikumwahidi, na akisoma ataona kwa nini.

Nimepanga barabara za halmashauri yetu tangu nilipotoka chuoni hadi mwezi uliopita. Habari za vyeo nitaziruka. Nilivyopata nilipata, na vingine walipewa waliojua kucheka utani wa wakubwa hata usipochekesha. Nitasimulia barabara moja tu. Zipo nyingine mnazopita kila siku bila kujua kwamba kuna mtu aligombana na mtu ili zipite hapo, na hizo zimenipa furaha yangu. Lakini hii moja inaninyima usingizi, na ndiyo iliyonikalisha kwenye meza ya jikoni na kalamu mkononi wakati wastaafu wenzangu wanafuga kuku. Ni barabara ya Lukwele. Msiitafute kwenye ramani, haipo.

Lukwele ni kijiji kilicho juu kabisa, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye migomba na midalasini na mawingu. Barabara ya changarawe inaishia chini kwenye gulio, mahali tunapopaita Mtoni. Kuanzia hapo ni miguu tu. Watu wa Lukwele hushusha ndizi, mdalasini na karafuu kichwani, hupandisha sabuni, chumvi na bati kichwani, na mgonjwa humteremsha kwa machela.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Mkuu wangu wa kwanza, Mzee Shomari, mtu wa Ujiji aliyekuwa amekwishakaa Morogoro mpaka lafudhi ya kwao ikabaki kwenye salamu tu, alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Una viatu vingine?"

"Ninavyo nyumbani."

"Kesho vivae hivyo. Tunapanda."

Mimi ni mtoto wa wakulima wa karanga wa Gairo. Kwetu, mlima ni kitu unachokiona kwa mbali ukiwa ndani ya basi la Dodoma. Kesho yake nilipanda Lukwele nikisukuma gurudumu la kupimia njia, lile linalolia taka-taka kila linapozunguka, na kwenye mawe lilikuwa linaruka na kunipiga kwenye ugoko. Kila mara Mzee Shomari alisimama, akatoa kifaa chake kidogo cha kupimia mwinuko, akafumba jicho moja, akaandika. Mimi niliona anapima mlima. Baadaye nikagundua kuwa mara nyingi alikuwa ananisubiri nipumue bila kuniaibisha.

Katikati ya njia tulikuta kina mama wamepumzika, matenga ya ndizi yako chini. Mzee akawasalimia, akamwomba mmoja wao aniruhusu nijaribu kubeba tenga lake. Wakacheka. Nikainama, nikashika, nikavuta. Tenga halikusogea. Yule mama akasema, "Mwanangu, sisi hatuvuti. Tunatwishana." Wenzake wakamtwisha, akaondoka nalo akiendelea kuzungumza. Mzee Shomari akaniambia, "Gurudumu lako linapima njia. Mzigo halijui. Ukisharudi ofisini ukaanza kuona namba tu, kumbuka lile tenga." Hilo ndilo somo langu la kwanza la uchukuzi, na chuoni halikuwepo.

Tulikuwa bado hatujafika juu tuliposikia watu wanapiga kelele tupishe. Tukaingia migombani. Wanaume walishuka mbio na machela, wawili mbele, wawili nyuma, wengine wakikimbia pembeni kusubiri kupokezana. Juu yake alilala binti kafunikwa khanga, mkono mmoja umeshika ukingo wa machela, na nyuma yao mama mtu mzima akishuka na beseni, hatazami pembeni wala hasalimii. Tulisimama pale hata baada ya kelele zao kupotea. Mzee Shomari akaandika kitu, akafunga kalamu.

Binti alijifungulia njiani. Mtoto alipona. Binti hakufika Mtoni.

Yule mama wa beseni ni Bi Mwanaidi, na binti alikuwa mwanawe, Zuhura. Mtoto wakamwita Tabu. Baada ya msiba mimi na Mzee Shomari tulipanda tena, safari hii bila gurudumu, tukaenda kutoa pole. Alitukaribisha kwenye mkeka, katoto kamelala kwenye mapaja yake. Mumewe, Mzee Athumani, mtu mpole wa maneno machache, alituletea maji. Tukanywa, tukatoa pole. Kisha Bi Mwanaidi akasema, sauti kavu kabisa, "Nyie si ndio mlikuwa mnapima? Mkileta barabara, ipitisheni hata kwenye midalasini yangu. Sitawazuia."

Mzee Shomari akauliza, "Midalasini ya nani, mama?"

"Ya mama yangu. Na ya mama yake."

"Basi siku ikifika tuje tumwombe nani?"

"Aje mkubwa wenu mwenyewe. Akae hapa ulipokaa, aseme shida yake kwa mdomo wake. Mimi na kaka yangu tutaita ukoo, atapewa jibu."

Tukiwa tunashuka, Mzee akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akasema, "Hakusema ya mume wangu." Nikamwambia hilo kwangu si geni, maana kwetu Ukaguruni nako mambo yalikuwa hayo. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, wao wenyewe huuita lukolo. Mwanamume anayeoa huja kwa mkewe, hulima shamba la ukweni, na akifa au wakiachana shamba haliondoki. Mwenye sauti juu ya shamba ni mwanamke na ndugu zake wa tumbo moja. Mume anaweza kulilima mpaka mgongo ukapinda, lakini hawezi kuligawa. Mzee Shomari alihakikisha kila kijana aliyepita mikononi mwake anajua hilo kabla ya kushika ramani yoyote ya mlimani.

Sasa turudi ofisini, ambako ndiko hasira yangu ilikoanzia. Kupanga barabara za miaka ijayo, kwa msiojua, huanza na kuhesabu. Unakaa njia panda na fomu, kila chombo kinachopita unakiwekea alama: pikipiki, gari dogo, basi, lori. Barabara yenye vyombo vingi hupewa kipaumbele. Lukwele haikuwa na barabara, kwa hiyo haikuwa na magari. Na kwa kuwa haikuwa na magari, haikustahili barabara. Mkilisoma hilo mara mbili mkaona lina akili, ombeni uhamisho.

Mimi na Mzee Shomari tulikaa Mtoni siku ya gulio na rula, tukachora safu moja ya ziada pembeni mwa fomu. Juu yake tukaandika "Kichwani". Tuliwahesabu wote waliotoka mlimani na mizigo, na fomu zikatuishia kabla ya adhuhuri. Chini ya safu hiyo Mzee akaongeza kwa mkono wake, "Machela." Tukapeleka ngazi ya juu. Haukupita muda simu ikalia mezani kwake, na kwa jinsi mtu yule alivyokuwa anapaza sauti, nilisikia kila neno.

"Mzee Shomari, mmetuchafulia fomu. Mtu anayetembea si chombo cha usafiri."

"Na machela?"

"Machela gani tena?"

Mzee akaweka simu chini taratibu. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika. Alichukua kofia, akatoka nje, akasimama akiutazama mlima mpaka chai yake ikapoa. Safu yetu ikafutwa. Lukwele ikaingia kwenye mpango na sifuri mbele ya jina lake. Ndivyo tulivyoendelea, kila mwaka tunachora safu, kila mwaka wanaifuta, mpaka Mzee Shomari akastaafu akarudi Ujiji, na huko ndiko alikofia. Kifaa chake cha mwinuko aliniachia mimi.

Halafu zikaja nyakati za mpango kabambe. Mkoa wote uandikiwe mahitaji yake ya usafiri ya miaka mingi ijayo, kila halmashauri ilete barabara zake. Mshauri elekezi akaja na vijana wenye kompyuta za mkononi na maji ya chupa, tukakusanyika kwenye ukumbi mmoja kule Mazimbu, tukala wali kuku, tukatoa maoni ya wadau. Siwacheki kwa kila kitu. Vijana wale waliona jambo moja la maana: mvua ikileta maporomoko na barabara ya upande wa pili ikakatika, kata nzima za mlimani zinabaki kama kisiwa, na njia nyepesi ya kuziunganisha inapita Lukwele. Sababu haikuwa kina mama na matenga yao, wala haikuwa Zuhura. Lakini barabara ya Lukwele ikaingia kwenye mpango, na fungu la kuanzia likapatikana. Siku ile nilifunga mlango wa ofisi, nikalia. Nikampigia mtoto wa Mzee Shomari kule Ujiji kumweleza, akadhani nimefiwa.

Wakati huo tulikuwa na mkuu wa idara mpya. Simtaji jina, maana najua baadhi yenu bado mnamtumia salamu za sikukuu. Alikuwa na haraka. Mwaka wa fedha ulikuwa unakaribia kwisha, na nyote mnajua ugonjwa wetu: miezi yote tunasubiri, halafu mwishoni tunakimbizana ili fungu lisirudi. Kwenye kikao cha maandalizi nilinyoosha mkono. Nikasema ardhi ya Lukwele haiombwi kwa wanaume peke yao, na haiombwi kwa karatasi. Inabidi mkuu mwenyewe apande, akae kwa Bi Mwanaidi, aombe kwa mdomo, asubiri ukoo ukutane.

Mkuu akatabasamu. "Madam, sisi tunajenga barabara. Hatupeleki posa."

Ukumbi mzima ukacheka, na waliocheka zaidi ni wale waliozaliwa mlimani na wanaojua nilichokuwa nasema. Nitawasamehe wageni waliotoka mikoa mingine, hawa sitawasamehe. Siku ya safari ya kuomba ridhaa nilifika ofisini alfajiri na viatu vyangu vya kupandia. Nikaambiwa gari limejaa. Nikachungulia dirishani. Kiti cha nyuma kilikuwa na katoni za maji.

Walichofanya huko nilikuja kukijua baadaye. Hawakupanda hata Lukwele yenyewe. Walimwagiza mtendaji wa kijiji awaite wakuu wa kaya washuke Mtoni, na mtendaji, kwa kuwa lugha ya serikali ndivyo ilivyo, akawaita wanaume. Tena ilikuwa siku ya gulio, kina mama wote wapo palepale Mtoni wakiuza ndizi, umbali wa kurusha jiwe kutoka ofisi ya kijiji. Hakuna aliyetoka nje kuwaita. Wanaume wakaketi, wakasikiliza hotuba, wakasaini, wakapewa soda. Watu waliokuja Lukwele kwa kuoa wakagawa ardhi ya wake zao, na wenye ardhi wako nje wanapanga mafungu ya ndizi mbivu.

Vigingi vikapigwa wiki ileile, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Baada ya hapo kikaja kijiko, lile dubwana la kuchimbia, kikaanza kula mlima kutoka Mtoni kwenda juu. Nilikuwa ofisini Mkuu aliponipigia simu. Ile sauti ya utani wa posa haikuwepo tena. "Madam, hebu njoo huku mara moja. Kuna kina mama wamekaa barabarani."

Gari lilipatikana. Hata nafasi ya kunyoosha miguu ilikuwepo.

Niliwakuta kwenye mpaka wa shamba, pale midalasini inapoanzia. Kijiko kimezimwa, dereva wake kakaa kivulini anakula muwa aliopewa na kina mama. Kina mama wa ukoo wameketi chini mbele ya kijiko, miguu wameinyoosha, khanga zimefungwa viunoni, kama watu waliokuja kupukuchua mahindi. Bi Mwanaidi yuko katikati. Kaka yake kasimama nyuma, mikono mgongoni. Binti mdogo, Tabu, sare za shule mwilini, kajificha nyuma ya bibi yake. Pembeni, peke yake, alisimama Mzee Athumani, na sura yake sitaisahau.

Nikamsalimia Bi Mwanaidi. Akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za Gairo. Kisha akamgeukia Mkuu.

"Haya, baba. Hapa umeomba kwa nani?"

"Mama, tumefuata taratibu zote. Mumeo huyu hapa amesaini."

"Mume wangu hapa ni mgeni. Nimemkaribisha mimi. Mgeni anakupaje shamba?"

Mzee Athumani akasema, taratibu, "Mimi nilidhani ni mahudhurio."

Hakuna aliyecheka. Na kosa si la mzee yule. Kwenye mikutano yetu mtu anapewa karatasi, anaonyeshwa pa kusaini, na hata msomi hasomi. Yule aliyesimama juu ya vyeti vyake akaona afadhali amwite mtu mkuu wa kaya kama fomu inavyosema kuliko kumuuliza shamba ni la ukoo wa nani, huyo ndiye aliyemdhalilisha mzee wa watu mbele ya wakwe zake.

Nilimvuta Mkuu pembeni. Nilimwomba. Naam, mimi niliomba. Nikamwambia, "Huyu mama anaitaka hii barabara kuliko mimi na wewe. Mwanawe amefia kwenye njia hii. Kaa chini hapo kwenye majani, mwambie una shida ya njia, mwambie samahani. Atakupa. Atakupa kesho kutwa, na utachimba mpaka kilele."

Akatazama suruali yake, akatazama majani. Akasema, "Serikali haiombi, Madam."

Bi Mwanaidi alisikia. Akasema bila kupandisha sauti, "Basi nendeni. Siku serikali itakapojua kuomba, irudi. Mimi nipo."

Wale kina mama wakasimama, wakang'oa vigingi vyote vilivyokuwa kwenye ardhi ya ukoo, kimoja kimoja, wakavifunga kwenye khanga kama kuni, wakapanda navyo. Kijiko kikageuzwa. Kwa kuwa fungu lilitakiwa limalizike, kikaenda kupanua barabara ya tambarare karibu na mji ambayo ilikuwa imekwishapanuliwa, na leo inapendeza sana, mbuzi wanalala katikati yake.

Hayo yote ningeyameza. Nimemeza mengi. Kisichomezeka ni sentensi moja ambayo Mkuu aliiandika kwenye taarifa yake: "Wananchi wa Lukwele waliikataa barabara." Mkuu akahamishwa, sentensi ikabaki. Mpango ulipohuishwa, sentensi ikanakiliwa. Ulipohuishwa tena, ikanakiliwa tena, na vituo na mikato yake yote. Kila kikao nilinyoosha mkono nikasema si kweli, wakanijibu kwa upole kwamba tukirudi kule tutafungua mjadala. Nikaomba gari, mafuta hakuna. Nikapanda kwa miguu yangu wakati wa likizo, nikamwambia Bi Mwanaidi, "Mama, mimi nimekuja kuomba." Akanishika mkono. "Wewe ni kama jirani yangu. Ukiomba chumvi nitakupa. Barabara si yako, aje mwenyewe." Na alikuwa na haki. Nilirudi nikawaambia wakuu waliofuata, mmoja baada ya mwingine, kwamba kinachotakiwa ni mtu mmoja kupanda mlima na kufungua mdomo. Wote walikuwa na semina.

Siku hizi tunazungumzia treni ya umeme. Mtu anatoka Dar, na kabla hajamaliza karanga zake amekwishapita Kingolwira, mlangoni mwa Morogoro. Nafurahi, na mimi nimeipanda. Lakini nilipokuwa kwenye kiti kile laini nilikuwa nauona mlima dirishani, na nilijua kwamba siku ileile kuna watu wanashuka mbio na machela. Mbele ya Lukwele mpango wetu bado unaonyesha sifuri, na chini yake umeandikwa kwamba hawa watu walikataa wenyewe. Tumewanyima, halafu tukawaandikia kwamba hawakutaka. Hasira yangu yote iko hapo, na sitaki mtu anipoze.

Wiki moja baada ya kuniaga, Jamila alinitumia rasimu ya mpango mpya niipitie, kwa heshima yake. Karatasi nzuri, ramani za rangi. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mlimani. Sentensi ipo. Jamila, mwanangu, sikulaumu, umeikuta. Lakini jina lako liko kwenye jalada sasa.

Nilivaa viatu. Siku hizi bodaboda hupanda kidogo juu ya Mtoni, hadi kipande kile kilichochimbwa kinapokoma kwenye midalasini. Kutoka hapo nilitembea, na magoti yalinilaumu njia nzima. Bi Mwanaidi amezeeka sana, haoni vizuri, lakini alinijua kwa sauti. Mzee Athumani ametangulia mbele ya haki. Aliyenipokea mzigo ni Tabu, mwanamke mzima sasa, mrefu kama mama yake alivyoonekana kwenye machela, na tumbo mbele. Nikatazama tumbo, nikatazama njia niliyotoka.

Akaniandalia chai ya mdalasini. Nikiwa jikoni na Bi Mwanaidi nasubiri ichemke, niliinua macho. Juu ya mafiga, kwenye dari wanakowekea mbegu zisiliwe na wadudu, kulikuwa na mzigo wa miti umefungwa kwa khanga iliyokwishakuwa nyeusi kwa moshi. Nilidhani ni kuni. Kisha nikaona rangi nyekundu kwenye ncha.

"Mama," nikasema, "hivi vyote bado vipo?"

"Vyote. Watoto niliwakataza. Hata mvua ilipokuwa kubwa na kuni zikaloa, tulilala na baridi, hatukuvigusa."

"Kwa nini usivichome?"

Bi Mwanaidi akashangaa swali langu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajala mbegu. "Si vya barabara?" akasema. "Wakija watapiga nini?"

Halafu akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna, nimestaafu. Tabu akaniongezea chai.

Kwa hiyo, Jamila, na nyie wote mnaobaki, somo langu ni hili moja. Ifuteni ile sentensi. Andikeni kwamba watu wa Lukwele hawajaombwa, maana huo ndio ukweli. Kisha mchukueni mkuu wa idara, yeye mwenyewe, si mwakilishi. Msiende siku ya gulio. Msibebe karatasi wala katoni za maji. Mkifika pigeni hodi, toeni shikamoo, mkuu akae chini kwenye mkeka, aseme shida yake, na asubiri jibu. Kifaa cha Mzee Shomari cha kupimia mwinuko nimekiacha kwenye droo yako ya juu, Jamila. Vigingi msibebe, viko jikoni kwa Bi Mwanaidi, vikavu.

Tabu anajifungua masika haya. Nendeni mkaombe.